Uyoga Uliokatwa Mizizi

Yunusi bin Hamid wa Mkokoni alinenepa ndani ya masika moja, na sababu haikuwa raha. Sababu ni kwamba nyumba yake ilikuwa na vyungu viwili. Mkewe Mwanamkisi alipika jikoni chakula cha watu watatu. Mama yake, Bi Mwanaarabu, alipika nyuma ya nyumba, kwenye mafiga yake mwenyewe, chakula cha mtu mmoja na ziada. Mwanamume mwenye akili angejua la kufanya. Yunusi alikuwa na moyo mzuri tu, kwa hiyo alikula huku, akanawa, akaenda kule akala tena, ili asiudhike mtu. Kikoi kikaanza kugombana na kiuno, na watu wa Mkokoni, ambao kwa kucheka hawangoji kualikwa, wakawa wanamwuliza mimba ina miezi mingapi.

Hayo yalikuwa miaka michache kabla ya Vita vya Wajerumani, Mkokoni ikiwa nyumba chache za makuti zinazotazamana na kisiwa cha Kiwayu, nyuma yake mashamba, na nyuma ya mashamba msitu.

Mwanamkisi hakuwa mtu wa huko. Alikuwa wa Amu, ndiyo Lamu mjini, mzaliwa wa mtaa wa Langoni, mjane wa makamo mwenye ulimi mwepesi na mkono unaojua nazi. Na desturi ya Amu mnaijua: mwanamke wa mjini hahami, huhamiwa. Baba humpa bintiye nyumba, mume akaingia na kanzu zake. Basi Mwanamkisi aliposema anamfuata mwanamume wa bara, mkulima wa mtama na simsim, akaishi naye kwenye nyani na mbu, ndugu zake walidhani amelogwa. Hakulogwa. Yunusi alikuwa akileta simsim yake mjini, na siku ya kwanza alipomkuta Mwanamkisi akimsomea muuza samaki makosa yake, alicheka hadi akakaa chini. Alicheka kwa kupendezwa, na Mwanamkisi hajapata kuchekewa hivyo. Marehemu mumewe wa kwanza, Mungu amrehemu, alikuwa mwema, lakini kucheka alikuweka akiba kwa ajili ya Idi.

Ukipenda boga, penda na ua lake, walisema wazee. Boga alilipenda sana. Ua ndilo lililomshinda.

Laiti Bi Mwanaarabu angekuwa mkorofi, ingekuwa nafuu, maana ukorofi una dawa. Bi Mwanaarabu alikuwa na adabu. Alikuwa kikongwe mwembamba, mkavu, mwenye macho ya mtu anayehesabu kuku wake jioni, na kila chakula kilipoandaliwa alisema kwa upole, "Nimeshiba, mwana wa Amu. Alhamdulillahi." Alisema hivyo hata asubuhi, kabla moto haujashika.

Mwanamkisi akafikiri labda mama anaona haya kula mbele za watu. Akampelekea chumbani kwake wali wa samaki, sahani imesuguliwa ikang'aa, na juu yake kawa mpya, kile kifuniko cha ukindu chenye ncha ambacho hakuna nyumba ya pwani isiyokuwa nacho. Sasa, kwetu sahani ya mtu hairudi tupu, hilo hata mtoto wa chuo cha Kurani analijua, na Bi Mwanaarabu alikuwa mtu wa desturi. Sahani ilirudi na wali wake vilevile, samaki wake vilevile, na juu ya samaki kipande cha muhogo wa kuchemsha. Desturi imetimia. Mwanamkisi alikitazama kile kipande cha muhogo kwa muda, asijue acheke au alie. Yunusi ndiye aliyekila.

Mwishowe akamwuliza waziwazi, maana hakuumbwa kwa kunyamaza. "Mama, chakula changu kina nini?"

"Hakina kitu. Kinanukia vizuri."

"Basi mbona huli?"

"Mimi sili chakula cha mkono nisioujua," akasema Bi Mwanaarabu.

"Na utaujuaje usipouonja?"

"Mkono haujulikani kwa kuonja," akajibu kikongwe, akaendelea kupepeta mtama wake.

Siku ile Mwanamkisi alilia jikoni, akasingizia vitunguu. Nyani aliweza kuwavumilia. Mbu aliweza, na kukosa halua aliweza pia. Lakini nyumba ambamo mama hali kwa mke wa mwanawe ni nyumba inayosemwa na kila mpita ndia, na yeye kwao hakuwa mtu wa kusemwa. Akajiapia: masika yakimalizika na mama hajatia tonge langu kinywani, nafunga sanduku langu narudi Amu. Alijiapia hivyo huku akimpenda Yunusi, yeye na tumbo lake jipya.

Aliyemfungua macho ni Barka, jirani, aliyekuwa akisuka mikeka na habari kwa wakati mmoja.

"Wewe unampikia samaki," Barka akamwambia. "Mtu amezaliwa kwenye samaki, kaolewa kwenye samaki, samaki gani tena wa kumbabaisha? Mtafutie uyoga. Uyoga wa kichuguu, unaoota mvua kubwa ikishapiga. Bi Mwanaarabu zamani alikuwa hamngoji mtu, anatoka na alfajiri, anarudi kikapu kimejaa na shuka imejaa. Mwaka huu magoti yamemkatalia. Anautamani mpaka anauota."

Mwanamkisi alikunja uso. Mjini kwao uyoga ulikuwa kitu cha kuota kwenye boriti zilizooza, na hakuna aliyeutazama mara mbili. "Huo unaliwa?"

"Twende nikuoneshe, kisha uniulize tena."

Kichuguu chenyewe kilikuwa nyuma ya shamba la simsim la Barka, pale msitu unapoanza, kikubwa kupita mtu na kimesimama miaka asiyoikumbuka mtu. Mvua zilikuwa bado ndogondogo, lakini ubavuni mwake vilikwisha kutangulia vichwa viwili vitatu vya uyoga. Barka alipiga magoti, akampigisha na mwenzake magoti.

"Tazama kichwa. Si kimefanana na kawa yako? Kimeinuka ncha katikati, na hapo penye ncha pana weusi kidogo, pembeni kinaelekea weupe. Sasa inama, chungulia chini yake. Umeona vikunjo? Vyeupe, vyembamba kama kurasa za msahafu, kimoja kimoja. Kikikua vinaingia wekundu kidogo sana, kama ukucha wa mtoto. Rangi nyingine tena hakina. Nusa."

Mwanamkisi akanusa. Aliudhika kidogo kuona kwamba kinanukia vizuri. Kilinuka unga uliosagwa sasa hivi.

"Hayo yote ni ya kukusaidia," Barka akaendelea. "Lakini shahidi mwenyewe ni huyu." Akaanza kuufukua udongo kwa vidole, polepole, akishika shina chini kabisa, akivuta, akiacha, akivuta. Shina halikwisha. Lilipita pale ambapo shina la haki lingekwisha, likawa mzizi, ukazidi kutoka, mrefu kama mkono mpaka kiwiko, ukienda ukisinyaa na kugeuka hudhurungi, na ncha yake ilipotoka ilitoka na mchwa wawili wameing'ang'ania. Barka alikuwa na furaha kama mvuvi aliyevua changu mkubwa. "Umeona unakotoka? Kwa mchwa wenyewe, chumbani. Uyoga wetu una kwao. Ukiuvuta hauna mzizi, uache hapohapo uliko, hata uwe mzuri namna gani. Na ukirudi nyumbani urudi nao mzizi, watu wauone."

Mwanamkisi aliitikia ndiyo, ndiyo, na kwa kweli alisikia. Ila masikio ya mjini yana vyumba vyake. La kawa liliingia, la msahafu liliingia, la unga liliingia. La mzizi aliliweka pamoja na mambo ya udongo, na mambo ya udongo kwao Langoni huachwa mlangoni.

Mvua kubwa ilikuja. Ilipiga makuti usiku mzima, na Mwanamkisi alikaa macho akiisikiliza kwa furaha, yeye ambaye mvua ya bara aliiona adhabu. Alfajiri alisali, akachukua kikapu na kisu, akatoka kabla Barka hajaamka, maana alitaka jambo hili liwe lake mwenyewe, lisiwe na mkono wa mtu.

Kichuguu kilikuwa kimegeuka cheupe. Kulikuwa na vichwa juu, vichwa ubavuni, vingine vimesukumana mpaka vimepandana. Mwanamkisi, ambaye katika maisha yake hajawahi kuokota chochote asichokilipia, alicheka peke yake msituni. Akaanza kazi. Alijaribu kuvuta mmoja kama alivyofundishwa, udongo ukamwingia kwenye kucha, ukamrukia na kwenye leso. Akatazama. Akafikiri: huu uchafu wote wa nini, nimpelekee mama mkwe kikapu cha matope? Kwao zawadi haiendi kwa mtu na taka zake. Samaki huparuliwa, kuku hunyonyolewa, hata ndizi hupanguswa. Basi akatoa kisu, akaukata uyoga juu ya udongo, shina baada ya shina, safi kabisa, na kila kichwa akakipangusa kwa kitambaa. Mizizi aliiacha ilimo.

Angekuwa anavuta, mambo yangejitenga yenyewe. Lakini alikuwa anakata.

Kikapu kilipokaribia kujaa, akaona chini, hatua chache kutoka kwenye kichuguu, penye majani mafupi wanapopita ng'ombe, uyoga mwingine. Ulikuwa mzuri ajabu. Mweupe, umenona, vichwa vyake havijafunguka bado, vya mviringo kama mayai, vina vumbi la hudhurungi juu. Akachungulia chini yake: vikunjo vyeupe. Pembeni kulikuwa na wenzake waliokwisha kufunguka wakawa wapana, hao akawaacha kwa kuona wamezeeka. Ndugu zao hawa, akasema moyoni, wamekosa nafasi juu wamejenga chini, kama watu wa Langoni. Akakata vichwa vichache, akapangusa vumbi lao, akajazia kikapu.

Tangu hapo mpaka adhuhuri hakuna mtu aliyemwona Mwanamkisi isipokuwa moshi. Alikuna nazi tatu, akakamua tui la kwanza na la pili. Alikata uyoga vipande vyembamba, vyote, akautia kitunguu, manjano, pilipili, na ndimu. Wanawake wa Langoni walikuwa na hila moja ya chakula wasichokizoea: tia pete ya fedha chunguni, ikigeuka nyeusi kuna sumu, isipogeuka kula. Akavua pete yake, akaitia, akachemsha, akaiopoa. Pete ilitoka nyeupe kama ilivyoingia, na yeye akaimba kidogo.

Kisha akapika wali wa mchele aliokuja nao kutoka Amu, ule aliouficha kwa ajili ya siku njema.

Yunusi alirudi kutoka kusali adhuhuri, akasimama kizingitini, akanusa. "Nini hicho?"

"Keti," akasema mkewe.

Na hapo, bila kuitwa na mtu, Bi Mwanaarabu akatokea. Alikuja polepole, mkono mmoja ukutani kwa sababu ya magoti, mwingine umeshika upepeo wake wa ukindu, lakini alikuja, pua mbele. Akafika mkekani, akakaa. Akanawa mikono. Mwanamkisi akaweka sinia la wali katikati, akaweka bakuli la mchuzi wa uyoga kando yake, wa manjano, tui limetulia juu. Bi Mwanaarabu alifumba macho akivuta harufu, na uso wake ukawa wa msichana.

"Uyoga," akasema.

"Uyoga, mama. Wa kichuguu."

"Kipi?"

"Kile cha nyuma ya kwa Barka."

"Naam. Kile kina wema wake." Mkono wake ulikuwa tayari umekwisha kuelekea siniani. Ukasimama. "Mizizi yake iko wapi? Nitie mmoja kinywani nitafune, zamani tulikuwa tunaitafuna."

"Nimeikata, mama. Nimekuletea safi."

"Umeikata nyumbani?"

"Hukohuko. Imebaki ardhini."

Kikongwe akarudisha mkono magotini. Hakukasirika. Akauliza kwa sauti ileile, ya adabu, "Na wote ulitoka juu ya kichuguu?"

Hapo, jamani, ndipo pagumu. Neno moja tu, "wote," na mama anakula. Mkono umekwisha kunawa, njaa ipo, harufu inamwita, na Mwanamkisi anabaki na mume wake na nyumba yake. Na neno lenyewe halikuwa hata uongo mkubwa, maana sehemu kubwa ya uyoga ule ilitoka juu. Alifungua kinywa kulisema. Kando yake Yunusi, ambaye mazungumzo ya mizizi hayakumshughulisha, alikuwa amekwisha kufinyanga tonge, amelichovya mchuzini, analiinua. Mwanamkisi aliliona lile tonge likipanda kwenye kinywa cha mtu anayempenda.

"La," akasema. "Michache niliikata chini, penye majani."

Upepeo wa Bi Mwanaarabu ulitua kwenye mkono wa mwanawe, paa, na tonge likaanguka mkekani.

"Mama, mimi nina njaa," akasema Yunusi.

"Wewe una njaa tangu mkeo afike. Ngoja."

Mwanamkisi hakuwa mtu wa kushindwa kirahisi. "Nimetia pete ya fedha, mama. Haikugeuka hata kidogo. Hii hapa."

"Pete haina tumbo, mwana wa Amu. Na mimi ningekuwa na tumbo la fedha ningekula hata mawe."

"Basi tuuchague," akasema Yunusi, akilisogelea bakuli. "Tuutoe ule wa majanini, tule ule wa kichuguu. Kazi gani hiyo?"

Wote watatu wakainama juu ya bakuli. Palikuwa na vipande vyembamba, vilivyokatwa kwa ustadi, vyote vya manjano, vyote vinang'aa kwa tui. Kawa hakuna, kurasa hakuna, mzizi hakuna. Mwanamkisi alivitazama akaona jinsi alivyovifuta uso vyote kwa mkono wake mwenyewe. Hata angeletwa Barka na babu yake Barka wasingejua.

"Huenda ni mizuri," Yunusi akasema, na sauti yake ilikuwa ya kuombea. "Ni vichwa vichache tu. Mama, huenda ni mizuri?"

"Huenda," akasema Bi Mwanaarabu. Hakusema mwaga, hakusema usimwage. Aliketi akimtazama mkwewe, mikono iliyonawa imelala mapajani.

Mwanamkisi alisimama. Alichukua bakuli kwa mkono mmoja na chungu kwa mwingine, akatoka. Alipita mafiga ya mama, akapita banda la kuku, akaenda hadi mwisho wa ua, akachukua jembe akachimba shimo, la kina, mwanamke ambaye kule kwao alikuwa hajui jembe linashikwa upande gani. Akamwaga mchuzi wote. Machozi yalikuwa yanamtoka, na hakuyasingizia kitu.

Yunusi alikuwa amemfuata. "Nazi tatu, mke wangu," akasema taratibu.

"Nimezikuna mimi. Nazijua."

Akatupa na tonge lililoanguka, ambalo Yunusi alikuja nalo. Kisha akaweka chungu ndani ya shimo akakipiga jembe kikavunjika.

"Na chungu pia?"

"Vyungu vinafinyangwa," akasema Mwanamkisi, akifukia. "Mume wa kunichekea sikumpata kwa mfinyanzi."

Yunusi alinawa mikono, akaamriwa anawe tena, akanawa. Lakini njaa yake haikukubali hukumu bila ushahidi. Aliinua kikoi chake akaenda zake mbio kuelekea kwa Barka, akiamini kabisa kwamba atarudi na habari ya kumwonesha mkewe hana kosa, hata kama chakula kimekwisha kuzikwa.

Alirudi akitembea. Mkononi alikuwa na uyoga mmoja, mmoja wa wale wazee waliofunguka, aliouvuta penye majani. Akauweka mkekani mbele ya mama yake, akaugeuza juu chini. Shina lilikuwa na kikuku cha ngozi shingoni na likaishia kwenye kinundu, hapo hapo, bila mzizi wowote. Na vikunjo vyake havikuwa vyeupe. Vilikuwa na ukijani, kijani cha maji yaliyolala dimbwini.

"Juu ya kichuguu mashina yaliyokatwa ni mazuri, mengi," akasema Yunusi. "Nimefukua matatu, yana mizizi. Lakini huu ndio ulioko chini."

Mwanamkisi akakaa. "Ilikuwa myeupe," akasema. "Wallahi, mama, ilikuwa myeupe."

"Ikiwa michanga huwa myeupe," akasema Bi Mwanaarabu. "Ndiyo hila yake. Inavaa nguo za mwenzake mpaka ikue. Kijani hutokea baadaye, na wewe umeikata ingali michanga."

"Ulijua, basi, tangu nilipotaja majani."

"Sikujua. Majanini huota na mizuri pia. Ningekuwa najua ningepiga kelele mji mzima ukaja. Sikujua mimi, na hukujua wewe." Akauchukua ule uyoga kwa ncha za vidole akampa Yunusi akautupe, kisha akasema bila kumtazama mtu, "Nilikuwa na ndugu yangu, Alawiya, mdogo wangu. Kule alikoolewa walipika uyoga siku ya wageni. Mtu mmoja akauliza habari ya mizizi, mpishi akasema, kuleni, mimi najua ninachopika. Na kweli alikuwa mpishi hodari, sijaona hodari kama yeye. Lakini chungu kilikuwa kikubwa, na wageni wamekwisha kukaa, akaona haya kukimwaga. Alawiya akaona haya kukataa." Akajipangusa vidole. "Wapishi hodari nimewaona wengi, mwana wa Amu. Wa kumwaga nilikuwa sijamwona."

Nje kuku wa Barka walikuwa wanapigana juu ya kitu kisicho na maana, na Yunusi, aliyerudi kutoka kutupa uyoga, alisimama mlangoni asijue aingie au atoke.

Mwanamkisi alijifuta uso kwa leso. Mbele yao palikuwa na sinia la wali peke yake, mweupe, umeanza kupoa, hauna mchuzi, hauna samaki, hauna hata ndimu. Katika maisha yake hajapata kumwekea mtu chakula kama kile. Kule Langoni paka asingewekewa. "Yeo hakuna kitoweo, mama," akasema. "Nisamehe. Nitakuchemshia muhogo."

"Muhogo nimechoka nao," akasema Bi Mwanaarabu. Akamwita mwanawe, "Wewe, kaa, unaziba mwanga," na Yunusi akakaa. Kikongwe akanawa tena mikono, mmoja mmoja, bila haraka. Akasema bismillahi. Akanyoosha mkono kwenye sinia, akamega wali mkavu, akaufinyanga tonge, akautia kinywani. Akatafuna. Akameza, akalamba kidole, akamega tena.

"Chumvi imezidi," akasema Bi Mwanaarabu. "Kesho punguza."